Mkato Mrefu wa Asali Kali

Mzee Pazi Kondo alikuja studio Jumatatu asubuhi na shati lililopigwa pasi, mkononi kashika mfuko wenye mswaki, shuka na dawa zake za presha. Akaniomba nimsindikize polisi.

Nilidhani ananitania. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, watani wa jadi, na tangu nipate akili hatujawahi kusalimiana kama watu wa kawaida. Nikamwamkia kama siku zote: shikamoo Mzaramo, umeiba nini leo? Hakuniitikia "marahaba, mla michembe", akinisimanga kwa viazi vyetu vya kukaushwa, kama ilivyo kawaida yake. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaupakata ule mfuko, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yangu.

"Nilimtilia sumu kwenye uji wa ulezi," alisema. "Nakumbuka hata kijiko, Nyamizi. Cha mbao, kimepasuka nchani. Sijui miaka yote hii jambo hili nilikuwa nimeliweka wapi."

Baba yangu alikuwa Kashindye, mwimbaji mkuu wa Asali Kali, kundi la vijana wanne wa Isevya, hapa Tabora, ambalo enzi zake lilifanya nchi nzima ivae viatu vyeupe. Pazi alipiga kinanda na kuimba sauti ya pili. Wawili waliobaki, mapacha Kulwa na Doto, wametangulia mbele ya haki. Baba alikufa ghafla kwa maumivu ya tumbo, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na hakuna daktari aliyesema ni nini hasa kilichomuua. Baada ya msiba Pazi hakurudi kwao Kisarawe. Alibaki hapa hapa akanilea pamoja na mama, na mama alipofariki akanilea peke yake. Baiskeli yake ndiyo iliyonipeleka shule, na vidole vyake ndivyo vilivyonifundisha kinanda. Kama kuna baba ninayemkumbuka ni yeye.

Nilitakiwa nimcheke, au nimpigie simu daktari. Sikufanya hata moja, kwa sababu kile kijiko cha mbao kilichopasuka nchani na mimi nilikuwa nakikumbuka.

*

Hapa inabidi nieleze kazi tunayofanya, maana watu wa nje huipenda bila kuijua.

Watu wa siku hizi hawataki filamu mpya. Wanataka zile walizotazama wakiwa wadogo, na wanazitaka ziwe ndefu zaidi. Hasa wanataka filamu za makundi ya muziki: vijana wanapatana, wanaimba, wanagombana kwa sababu ya msichana au kwa sababu ya jina, mmoja anakufa, wanaobaki wanaimba tena. Filamu ya Asali Kali, Mzinga wa Isevya, ilitengenezwa mimi nikiwa shule ya msingi, na ina saa mbili tu. Kwa mashabiki saa mbili ni tusi. Sisi tunawapa saa saba.

Hizo saa za ziada zinatoka kwenye mashine tunayoiita Kirefushi. Unailisha mabaki yote ya kundi: video za simu, mahojiano ya redio, sauti walizotumiana, harusi, mazoezi, misiba. Kwanza inapembua, yaani inatenga sauti ya mtu na kelele. Halafu kila linalosemwa inaligeuza kuwa dai, na kila dai inalipima. Dai la mtu aliyekuwepo lina uzito. Likisemwa mbele ya watu wengi na asitokee wa kulipinga, uzito unazidi. Dai likishakuwa zito vya kutosha, mashine inalitengenezea picha, na picha zenyewe usipoambiwa hutajua kwamba hakuna kamera iliyozipiga.

Jambo la pili ni kofia. Mkato mrefu hautazamwi kwa macho peke yake. Unavaa kofia nyepesi ya kitambaa, na unachokiona kinaingia mahali pale pale zinapokaa kumbukumbu zako. Ukitoka hapo hukumbuki kwamba ulitazama Asali Kali wakila michembe nyuma ya jukwaa. Unakumbuka kwamba ulikuwepo. Watu wanalipenda hilo kuliko kitu chochote, na mimi nilikuwa nalipenda pia.

Mimi ndiye mthibitishaji. Mkato hautoki mpaka nimeutazama wote na kuukubali kwa kidole gumba changu. Mkato wa Asali Kali niliuvalia kofia wiki iliyotangulia, na ilipofika saa ya sita nikamwona kijana Pazi jikoni kwetu, anakoroga uji kwa kile kijiko kilichopasuka, anamimina unga mweupe kutoka kwenye karatasi, anaukoroga tena. Nikamwona baba akinywa. Nilivua kofia, nikaenda nyumbani, nikasema nitafikiri. Bado nilikuwa nafikiri Pazi alipokuja na mswaki wake.

*

Nilimdanganya kwamba mkuu wa kituo amesafiri, nikamrudisha nyumbani, kisha nikaenda kumtafuta Hokororo.

Bwana Hokororo ndiye mwenye studio. Ni mtu mpole, mcheshi, anayependa filamu kuliko anavyopenda chakula, na ndiyo maana kumkasirikia ni kazi. Nilimuuliza nani alimvalisha Mzee Pazi kofia. Akasema ni yeye, tena kwa heshima: ndiye pekee wa Asali Kali aliye hai, angekosaje kuuona mkato kabla ya wengine? Alimwandalia kiti na soda. Hakujua kwamba mtu aliyekuwepo kweli kofia humkamata zaidi ya mgeni, kwa kuwa yeye jiko analijua, sufuria anaijua, uso wa rafiki yake anaujua. Kinachoingia kinakuta nafasi yake iko wazi.

Nikamwambia mzee sasa anataka kujipeleka polisi. Hokororo akasema neno ambalo lilinisumbua wiki nzima.

"Mashine imesema, na mwenyewe amekiri. Dada Nyamizi, ulitaka ushahidi gani mwingine?"

Nilimjibu kwamba anakiri kwa sababu mashine imesema. Akanijibu kwa upole kwamba inawezekana, au pengine mashine imeamsha kilichokuwa kimelala. Mimi nilijuaje? Nilikuwa mtoto wa mgongoni. Nilichokuwa nacho ni picha ya baba akinywa uji, na ilikuwa picha nzuri, yenye mvuke na mwanga wa asubuhi dirishani, safi kuliko kumbukumbu yoyote niliyowahi kuwa nayo juu yake.

Nikaenda kwa Daktari Tunsume, ambaye studio imemwajiri kwa ajili ya watu waliodhuriwa na kofia. Ni Mnyakyusa mmoja asiyezungukazunguka. Alimpima mzee siku ile ile, akanieleza mambo yalivyo. Kumbukumbu ya kofia huchukua muda kuganda, kama saruji. Ile ya uji ingeganda Ijumaa jioni. Kabla ya hapo angeweza kuing'oa. Ila haing'oki peke yake. Imeshikana na majirani zake, na majirani zake ni mwaka wote wa mwisho wa Kashindye: safari za muziki, nyimbo walizotunga, vicheko vyao, huenda hata sura yake. Na kwa kuwa mzee amechanganyikiwa, uamuzi hautakuwa wake. Ungekuwa wa ndugu yake wa karibu.

"Ana watoto?" aliuliza.

Nikasema mtoto wake ni mimi.

Nilirudi nyumbani. Nikiing'oa, namnyang'anya mzee wa watu rafiki yake wa pekee. Nikiiacha, atakufa akijijua kwamba ni muuaji. Na kulikuwa na la tatu, ambalo sikulisema kwa daktari wala kwa mtu mwingine: je, kama ni kweli? Nikiifuta na kumbe ni kweli, nitakuwa nimemfutia muuaji wa baba yangu dhambi yake, na baba hana mtu mwingine wa kumsemea. Nililia sana siku ile, na sikujua namlilia nani kati yao wawili.

*

Kirefushi kina kitu tunachokiita mizizi. Ukitaka kujua picha fulani imeota wapi, unaiuliza, nayo inakupeleka kwenye mabaki iliyoyatumia. Kwa kawaida siendi huko, maana saa saba za picha zina mizizi kama ya mkuyu. Safari hii nilienda.

Ule uji wote ulikuwa umeota mahali pamoja: video ya simu, imepigwa makaburini siku tuliyomzika baba. Mashine ilinisikilizisha kwanza sauti iliyopembuliwa. Ilikuwa sauti ya Pazi ya ujana, imetulia, haina hata punje ya kelele nyuma yake. Mimi ndiye niliyemuua Kashindye. Nimemtilia sumu kwenye uji wa ulezi. Suruali hii ni yake, na mke wake sasa ni wangu.

Nilikaa nayo ile sauti, nikairudia, na kila nilipoirudia nikazidi kumwamini. Chini yake mashine ilikuwa imeweka vipimo vyake: msemaji alikuwepo, waliosikia ni zaidi ya mia tatu, aliyepinga hakuna. Dai zito kabisa.

Hilo la kutopinga ndilo lililonishtua. Watu mia tatu wa Isevya wanamsikia mtu akikiri kuua mbele ya kaburi lililo wazi, na hakuna hata mmoja anayemrukia? Isevya ninayoijua mimi? Nikaiomba mashine inirudishie video yenyewe, na kelele zake zote.

Kelele zilikuwa kicheko.

Pazi alikuwa amevaa suruali ya baba, imemzidi urefu, anaiburuta. Amesimama ukingoni mwa kaburi anaigiza mwendo wa baba wa jukwaani, anashika tumbo, anaanguka, anaamka, anawaambia Wanyamwezi wasilie maana yeye ndiye aliyemmaliza mtu wao na sasa anadai ujira wa kazi. Wazee wanacheka huku machozi yanawatiririka. Na mbele kabisa yuko mama yangu, kijana, mjane, mimi mgongoni mwake, anajifuta macho kwa pindo la kanga na kupaza sauti: "Huyu naye aue kwa uji? Hata maji anaunguza!" Watu wakaangua kicheko upya. Sauti ya mama nayo mashine ilikuwa imeifuta, ikidhani ni kelele.

Utani wa msibani nilikuwa nimeusikia kwa maneno tu. Siku hizi tunazikwa na kampuni, gari jeusi, muziki wa taratibu, dakika ishirini, basi. Utani tumeubakiza kwenye salamu. Zamani mtani ndiye aliyekuwa na kazi msibani, na kazi yake ilikuwa hiyo: kusema lisilosemeka mpaka kifo chenyewe kionekane kituko. Kumpinga hakukuwezekana. Anayempinga mtani amevunja utani. Kwa mashine, mtu asiyepingwa amesema kweli.

Nilimrudia mama mara nyingi. Sijawahi kumwona akicheka vile. Halafu nikaenda kwa Hokororo, nikaiwasha video mbele yake, nikamwambia saa ya sita haitoki na kidole changu haikipati. Aliitazama hadi mwisho. Akasema sawa, na nadhani aliona aibu. Nikajiona nimemaliza kazi.

*

Alhamisi mchana nikampelekea Pazi ile video nyumbani kwake Isevya. Tulikaa barazani. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikamwambia atazame, aone mwenyewe kwamba ulikuwa utani, kwamba hata mama alimcheka.

Alitazama bila kupepesa. Ilipokwisha akaniomba niirudie, nikairudia. Kisha akanirudishia simu.

"Namwona huyo kijana," alisema. "Anachekesha. Lakini simkumbuki, mwanangu. Hiyo suruali siikumbuki. Ninachokikumbuka ni kijiko."

Nikamweleza habari za kofia, za kupembua, za madai. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelezwa njia ya mji ambao hatakwenda. Halafu akauliza: na je, kama mtu ameua kweli, si mahali pazuri pa kujificha ni ndani ya utani? Nani angemshika? Nikakuta na mimi nauona ule mvuke wa uji, na kwa kitambo kidogo sikuwa na uhakika wa lolote, video ninayo mkononi.

Nikaona sina budi. Nikamwambia kwamba daktari anaweza kukiondoa hicho kijiko, mwisho ni kesho. Uso ukamchangamka. Akauliza kama kitaondoka chenyewe tu.

"Kitaondoka na mwaka ule wote," nilisema. "Labda na Kashindye."

Alitazama barabarani. Mtaani walikuwa wanapita watu na masanduku ya karanga, na mmoja akamtania kama ada, akamuuliza nazi zake zimeishia wapi. Hakumjibu.

"Bora nife muuaji wake," alisema mwishowe, "kuliko nife simjui."

Daktari Tunsume alikuwa ameshanionya: mgonjwa atasema hivi na vile, usimsikilize, kumbukumbu yenyewe ndiyo inayosema. Nilijaribu kuamini hivyo. Usingizi haukuja, na kulipokucha nikawa nimeamua kwamba nitaing'oa. Afadhali anichukie akiwa hana doa. Nikakubaliana na daktari anisubiri Ijumaa saa tisa.

*

Nilipofika Isevya kumchukua, nilimkuta amesimama mlangoni amevaa viatu. Alikuwa anakwenda polisi mwenyewe kwa miguu. Mkuu wa kituo, alisema, atakuwa amerudi safari.

Nilimsihi, hakusikia. Nikamwambia gari lipo, twende kwa daktari, akasema kwa daktari haendi. Nikamshika mkono, akauondoa taratibu, kama unavyoondoa mkono wa mtoto. Majirani walianza kujikusanya. Simu ikalia mfukoni mwangu, na nilijua ni Tunsume, na nilijua pia kwamba ningeweza kuwaambia vijana wawili waliokuwa wamesimama pale nje wambebe mzee hadi garini, wangembeba. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira: na mashine, na Hokororo, na baba kwa kufa bila kueleza, na huyu mzee mbishi anayependa kuwa muuaji kuliko kusahau. Hasira hiyo ndiyo iliyonilaza chini. Sikupanga. Nilijilaza kifudifudi kizingitini, mimi na miaka yangu na magoti yangu mabovu, nikaziba mlango.

"Hupiti, Mzaramo," nilisema. "Umeua Mnyamwezi, tena Mnyamwezi mwimbaji, unataka kwenda kulala bure kwa serikali na sisi wenye mtu hujatulipa. Ng'ombe wawili. Ukilipa, nitakupeleka mwenyewe kituoni na ngoma nitakupigia."

Majirani wazee wakaguna. Vijana hawakuelewa, mmoja akauliza kama huyu mama ameanguka. Simu ikalia tena, ikanyamaza. Pazi alisimama juu yangu, naona viatu vyake tu, na mguu mmoja ulikuwa unatetemeka. Nilidhani analia. Nadhani kweli alikuwa analia, maana sauti ilipotoka ilikuwa imelowa.

"Ng'ombe wawili?" alisema. "Kwa Kashindye yule? Hata kwa yai viza ningekuwa nimewalipa zaidi."

Mzee mmoja wa jirani ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mkewe, na mimi pale chini nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Pazi alishuka polepole akikamata fremu ya mlango, akakaa sakafuni karibu na kichwa changu. Alikuwa anacheka na kujifuta. Halafu kicheko kikamkatika, akaniinamia, macho yamejaa hofu.

"Nyamizi. Hilo la yai nimelisema mimi, au mmenitilia?"

Simu ilikuwa inalia kwa mara ya mwisho, nikaizima, nikijua jioni itapita bila daktari. Nikamwambia amelisema yeye. Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta kama namdanganya. Ya uji siyajui, na huenda nisiyajue kamwe. Mvuke wake ninao hadi leo. Lakini la yai nililisikia kwa masikio yangu, nikiwa nimelala sakafuni kwake, bila kofia.